Niliitwa Kinife miaka minne, kumbe nilichelewa tu miaka 600

Fomu wani, wiki ya pili, darasa la watu sitini na kitu. Mimi natoka shule ya msingi ya kijijini ambako hesabu kiswahili, sayansi kiswahili, mpaka matusi kiswahili, kingereza kilikuwa kipindi kimoja tu halafu tunarudi kwenye maisha yetu, sasa ghafla baiolojia kingereza, jiografia kingereza, na mlangoni kuna kibao kinasema ukikamatwa unaongea kiswahili ni viboko. Ticha akanisimamisha nisome aya. Nikaanza vizuri tu, najikokota, mpaka nikafika kwenye neno knife. Mi nikasoma kama lilivyoandikwa: ki-ni-fe.

Darasa lililipuka. Kuna mtu alicheka mpaka akaanguka kwenye benchi. Ticha akasema hiyo k haisemwi na hiyo e haisemwi, na mimi kwa ushamba wangu nikauliza, sasa kama hazisemwi zimeandikwa za nini? Nikaambiwa nikae chini. Kuanzia siku ile mpaka namaliza fomu foo jina langu likawa Kinife, hata wapishi wa jikoni walikuwa wananiita Kinife, sijui wao waliambiwa na nani.

Swali langu halikujibiwa. Likakaa. Sasa hivi kazi yangu ni kutafsiri, mikataba, vyeti, karatasi za dawa, chochote kinacholipa, na nina kamusi moja kubwa ya kingereza inayoeleza kila neno lilitoka wapi. Siku moja natafuta neno la mkataba wa mtu, jicho likaangukia knife. Pembeni imeandikwa kwamba neno hili liliingia kingereza kutoka kwa Waviking, wale wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, na kwamba zamani ile k ilikuwa inasemwa. Inasemwa kabisa, k kamili, halafu n, halafu i ndefu kama ya kwetu: kniif. Nikaweka kalamu chini. Yaani mtoto yule wa fomu wani ukimtoa ile e ya mwisho aliyoizidisha, alikuwa anaongea kingereza cha karne ya 14. Tangu siku hiyo nimekuwa kama mtu mwenye kesi, nasoma historia ya kingereza usiku kucha, na haya ndio niliyookota.

Tuanzie kwa wenyewe. Kingereza hakikuzaliwa Uingereza. Warumi waliondoka kile kisiwa mwaka 410 hivi, na baada ya hapo wakaanza kuingia watu wa makabila ya pwani za Ujerumani na Denmark za leo, Waangli, Wasaksoni, Wajuti. Bede, mtawa aliyeandika historia yao mwaka 731, anaweka kuingia kwao kwenye mwaka 449. Waliowakuta pale walikuwa wanaongea lugha za Kikelti, na hapa kuna jambo mi linanichekesha kila nikilikumbuka: wageni wakafika, wakawaita wenyeji wealas, maana yake wageni. Ndio jina Wales lilipotoka hapo. Mtu kakukuta kwako, kakaa, halafu anakwambia wewe ndio mgeni. Na mito kadhaa kule inaitwa Avon, ambayo kwa lugha ya wenyeji ni "mto" basi, kwa hiyo kwenye ramani wameandika Mto Mto. Mtu aliuliza huu unaitwaje, akajibiwa ni mto, akaandika.

Kingereza cha hao wa kwanza ungekisikia leo usingeelewa kitu, hata Mwingereza mwenyewe haelewi. Lakini kilikuwa na mambo yanayofanana na yetu. Sala ya Bwana ilikuwa inaanza fæder ure, baba yetu, kwa mpangilio uleule wetu, baba kwanza halafu yetu. Na kilikuwa na kitu kama ngeli! Kila nomino ilikuwa na jinsia yake, jua ni la kike, mwezi ni wa kiume, na neno wif la mwanamke, lile lililokuja kuwa wife, wala halikuwa la kike, liliwekwa kwenye kundi la tatu la visivyo kike wala kiume. Hili neno the ambalo leo ni moja tu halibadiliki, wakati ule lilikuwa na maumbo kama kumi kutegemea nomino ni ya kundi gani na inafanya kazi gani kwenye sentensi. Wanafunzi wa kingereza mnaolalamika leo, mshukuruni Mungu.

Hata zile wingi za ajabu, foot ikawa feet, mouse ikawa mice, tulizokaririshwa kama kasuku, zina sababu. Kabla hata hawajaanza kuandika, wingi wa foot ulikuwa na i mwishoni, na ile i ikawa inaivuta o ya katikati isogee kwake, o ikageuka ikawa e, halafu i yenyewe ikaanguka, imeshafanya fujo yake imeondoka. Ukiona ni ajabu jiulize kwa nini jino moja lakini meno mengi na sio maino. Ni ma na ino zimekutana, a na i zikayeyukiana zikawa e. Hakuna mtoto wa kiswahili anayeambiwa meno ni "irregular", anasema meno maisha yanaendelea.

Wakaja Waviking. Mwaka 793 walivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, na kwa miaka mingi iliyofuata wakawa wanapiga, wanachoma, wanaondoka, mpaka wakaamua kutoondoka. Mwaka 878 mfalme Alfred aliwashinda pale Edington, lakini kushinda kwenyewe hakukuwa kuwafukuza, ikawa ni kugawana nchi, upande wa kaskazini na mashariki wakabaki Wadenmaki na sheria zao. Ukiona mji wa kule unaishia na by, Grimsby, Whitby, Derby, ujue walikaa hao, by ni kijiji kwa lugha yao.

Sasa hapa ndio panapoiva. Hawa Waviking na Wasaksoni lugha zao zilikuwa ndugu, shina la neno unalisikia, kilichotofautiana ni mikia ya maneno, ile ya kuonesha wingi sijui jinsia sijui nani kamfanya nani nini. Fikiria watu wawili wanauziana farasi sokoni. Wanaelewana farasi, wanaelewana bei, mikia ndio inawachanganya. Wakaimeza. Wataalamu wengi wanaona kwamba huko kukaa pamoja, kuoana, kufanya biashara, ndiko kulikosaidia kuipukutisha ile mikia, na kweli upande wa kaskazini walikokaa Waviking ndiko ilikopukutika mapema. Mi nikisoma hivyo naiona Nairobi moja kwa moja. Nenda kasikilize: gari yangu, kitu yangu, vitu yangu, watu ile. Nenda Lubumbashi: kitabu yangu. Watu wa makabila tofauti, wote wanahitaji kuelewana leo leo, ngeli inakuwa ya kwanza kutupwa. Sisi wa huku tunawacheka, eti wameharibu lugha, na sitaki kusema uongo hata mimi mtafsiri sikio linaniuma, ila nikikumbuka kwamba hicho kingereza tunachokipigia magoti kilipita kwenye soko hilohilo naishia kunyamaza.

Na Waviking hawakuacha maneno ya vita kama unavyodhani. Waliacha egg, sky, skin, husband, law, take, anger, na hilo knife langu. Window ni lao pia, kwao ilikuwa jicho la upepo, neno zuri kuliko dirisha hata. Lakini kubwa kuliko yote ni they, them, their. Yaani wao. Kuazima neno la dirisha ni kawaida, kila lugha inafanya, lakini kuazima "wao"? Hiyo ni kama kumuazima jirani mkono. Sisi wenyewe tumeazima sita, saba na tisa kwa Waarabu, tano na nane tukabaki nazo, na watu huwa wanatuchokoza kwamba kiswahili ni kiarabu kilichochanganywa. Mtu akikwambia hivyo mwambie akatafute asili ya they.

Mwaka 1066 ndio ule tuliousikia wote. Oktoba 14, Hastings, William, mtawala wa Normandy kule Ufaransa, akampiga Harold mfalme wa Uingereza, akachukua kiti, na baada ya hapo kwa karibu miaka 300 wakubwa wa Uingereza wanaongea Kifaransa, kanisa na vitabu ni Kilatini, na kingereza ni cha wachunga mbuzi. Simple kama hivyo. Maneno ya Kifaransa yaliyoingia wanayakadiria kama 10,000, na ukiangalia ni ya aina gani unajua nani alikuwa amekalia kiti: government, parliament, judge, jury, prison, tax. King na queen zilibaki za kienyeji, na earl pia, ila mke wa earl akaitwa countess, neno la Kifaransa, mume na mke wamepewa majina kutoka lugha mbili.

Kuna stori inapendwa sana kwamba mnyama akiwa zizini ana jina la Kisaksoni kwa sababu Msaksoni ndiye anayemchunga, cow, sheep, swine, akifika mezani anapata la Kifaransa kwa sababu Mnormani ndiye anayemla, beef, mutton, pork. Stori tamu, mi naiamini nusu, maana zamani beef iliweza kuwa hata ng'ombe mzima anatembea na mkia wake, mgawanyo ulinyooka taratibu baadaye. Sisi tunasema nyama ya ng'ombe tunamaliza. Ila tuna kitimoto, na kila mtu anajua kwa nini kitimoto haiitwi nyama ya nguruwe kwa sauti kubwa, kwa hiyo tusiwashangae sana.

Pale waliponiathiri mimi binafsi ni kwenye mikataba. Nimehangaika miaka na lile jambo la wanasheria wa kingereza kusema kitu kimoja mara mbili. Will and testament. Goods and chattels. Breaking and entering. Mteja ananiletea wosia, kwenye kichwa cha habari kuna will and testament, na anataka na kwenye kiswahili aone maneno mawili, kwa sababu kahesabu, kwenye kingereza yako mawili, anadhani nimemuibia moja. Mi nitaandika nini, Wosia na Wosia? Goods and chattels niandike mali na mali? Nilibishana na mteja mmoja karibu lisaa. Ningekuwa najua wakati ule ningemwambia: will ni ya kienyeji, testament ni ya wakubwa, goods ya kienyeji, chattels ya Kifaransa, break ya kienyeji, enter ya Kifaransa. Waandishi wa sheria walikuwa wanaishi katikati ya lugha mbili tatu, wakawa wanaweka zote kwa usalama, halafu mtindo ukaota mizizi. Mpaka leo tunalipwa kwa neno tukitafsiri huo wasiwasi wa watu waliokufa.

Kingereza kilirudije juu? Mfalme John alipoteza Normandy mwaka 1204, wakubwa wakalazimika kuchagua wao ni wa ng'ambo ipi. Mwaka 1348 ikaingia ile tauni, ikafagia inakadiriwa theluthi mpaka nusu ya watu, na wafanyakazi waliobaki, ambao ni waongea kingereza, wakawa na bei. Mwaka 1362 ikatungwa sheria kwamba kesi mahakamani ziendeshwe kwa kingereza kwa sababu wananchi hawaelewi wanachoshtakiwa nacho. Sheria yenyewe imeandikwa kwa Kifaransa. Naapa. Na wanasheria wakaendelea na Kifaransa chao cha kuungaunga na Kilatini kwenye makaratasi mpaka miaka ya 1730 ndipo ikakatwa kabisa. Tanzania tulibadilisha sheria mwaka 2021 ili kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na wanaolalamika kwamba mambo yanakwenda polepole nawaonea huruma, wenzetu iliwachukua karibu miaka 370.

Sasa rudi kwenye kinife. Chaucer, yule mshairi aliyefariki mwaka 1400, akiandika name alikuwa anasema naame, na ile e ya mwisho anaigusa kidogo. Time alisema tiime. Make ni maake. House, ambayo kabla ya waandishi wa Kifaransa kuiwekea hiyo ou ilikuwa inaandikwa hus tu, alisema huus. Mpe mtoto wa darasa la tatu Singida, ambaye hajawahi kusikia kingereza, mwambie asome hayo maneno. Atasema na-me, ti-me, ma-ke. Sio kwamba anabahatisha. Wamisionari walipoanza kuandika kiswahili kwa herufi za kirumi karne ya 19 waliziacha irabu na sauti zake za Kilatini, a ni a, i ni i, na hizo ndizo Waingereza nao walikuwa wanazitumia zamani, kabla hawajazihama.

Walizihama kweli. Kuanzia miaka ya 1400 hivi mpaka 1700, irabu zao ndefu zote zilisogea, kama watu kwenye benchi la zahanati, mmoja akiinuka wote wanasogea. Naame ikapanda ikaishia neim. Ee ikapanda ikawa ii. Ii yenyewe iko juu kabisa haina pa kupanda, ikapasuka ikawa ai, ndio tiime ikawa taim. Uu ikapasuka ikawa au, ndio huus ikawa haus. Scotland hawakufuata zote, wengine mpaka leo wanasema huus. Kwa nini zilisogea, wataalamu wanabishana na wataendelea kubishana.

Na katikati ya hiyo hamahama, mwaka 1476, William Caxton akafungua mtambo wa kuchapa pale Westminster. Ndio mkosi wenyewe huo. Maandishi yakaanza kuganda wakati midomo bado inatembea. Ni kama mtu kapigwa picha anapiga chafya, halafu hiyo picha ndiyo ikawekwa kwenye kitambulisho. K ya knife ilikuwa bado inasemwa Caxton anachapa, ilianguka baadaye, kwenye karne ya 17, lakini karatasi haijui hilo. Ile gh ya night ilikuwa ni kh, ileile ya kheri kama anavyoisema mtu wa pwani aliyekaa chuoni vizuri: nikht. Waskoti bado wanayo kwenye loch. Kwa hiyo knight, yule askari wa farasi, alikuwa ni knikht, kila herufi inakula jasho lake.

Caxton mwenyewe alishaona tatizo. Kwenye utangulizi wa kitabu kimoja cha mwaka 1490 anasimulia wafanyabiashara waliokuwa wanashuka mto Thames waende ng'ambo, upepo ukagoma, wakashuka Kent kutafuta chakula. Mmoja wao, anaitwa Sheffelde, akaenda kwenye nyumba ya mama mmoja akaomba eggys, mayai. Yule mama akamjibu, samahani baba, mi Kifaransa sijui. Jamaa akakasirika maana hata yeye Kifaransa hakijui! Mpaka mwenzake alipoingilia akasema wanataka eyren ndio mama akasema aah, sawa. Eyren ndio mayai ya kienyeji, eggys ni neno la Waviking. Caxton anauliza, sasa mtu aandike lipi?

Mi hii nimeiishi. Nilienda Mombasa mara ya kwanza nikiwa kijana, bibi mmoja mwenyeji wangu yuko barazani akaniita, "Ndoo mwanangu, ndoo!" Nikazunguka uani, nikapata ndoo, nikajaza maji kabisa, nikampelekea. Bibi akaniangalia, akaangalia ndoo, akaniangalia. Kwa Kimvita ndoo ni njoo, kama vile ndia ni njia na ndaa ni njaa. Alicheka mpaka shela likamdondoka. Wale wa mkutano waliokaa Mombasa mwaka 1928 wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa kiswahili sanifu walikuwa wanajibu swali la Caxton hilohilo, wakachagua eggys, na bibi yangu wa Mombasa akawa eyren.

Wachapaji nao walikuwa na vituko vyao. Caxton alikaa Flanders, Ubelgiji ya leo, muda mrefu na mafundi wake wengine walitoka huko, ndio maana ghost ina h, waliandika kama wanavyoandika kwao. Herufi moja ya zamani ya sauti ya th, iliyofanana na p yenye kichwa kirefu, kwenye maandishi ikaja kufanana na y, wachapaji wakawa wanaweka y, ndio yale mabango ya baa yanayoandikwa Ye Olde. Hakuna ye, ni the ileile. Halafu wasomi wa karne ya 16 wakaongeza uchafu kwa makusudi: debt ilikuwa inaandikwa dette bila b yoyote, wakaichomeka b kuonesha kwamba Kilatini ni debitum. Island ilikuwa haina s, wakaiweka kwa kudhani imetoka kwenye insula ya Kilatini, na wala haikutoka huko, ni neno la kienyeji kabisa. Kwa hiyo kuna watoto wamechapwa Tabora na Kisumu kwa kusahau s iliyowekwa kimakosa na mtu anayejifanya msomi miaka 400 iliyopita.

Wakati huohuo kulikuwa na ugomvi mwingine unaofanana na wa kwetu kupita kiasi. Maneno ya Kilatini na Kigiriki yalikuwa yanamiminika, na profesa mmoja wa Cambridge, John Cheke, akasema hapana, tutumie yetu. Akatafsiri Injili ya Mathayo, kichaa badala ya lunatic akamwita mooned, aliyepigwa na mwezi, na yule akida wa askari mia akamwita hundreder. Mazuri eh? Hakuna aliyeyachukua. Hapo namkumbuka yeyote aliyetuletea tarakilishi, neno limefikiriwa, lina mantiki, na watu wakasema asante, tukaendelea na kompyuta. Lakini kishikwambi kimepita! Mtandao umepita. Sijui kipimo ni nini, BAKITA nao nadhani hawakijui, wanarusha nyavu wanasubiri.

Johnson na kamusi yake ya 1755, maneno kama 42,000, sitamsema sana, kazi kubwa alifanya ila alichofanya kwenye tahajia ni kupiga misumari jeneza ambalo Caxton alishalifunga. Webster kule Marekani mwaka 1828 alijaribu kupunguza, akatoa u kwenye colour, akageuza centre, lakini knife hakuigusa, ningempenda zaidi angeigusa.

Kimoja kingine halafu niache. Thou. Tunaisikia kwenye Biblia ya mwaka 1611, thou art, thy name, na watu wanadhani ni neno la heshima la kumuongelesha Mungu. Ni kinyume. Thou ilikuwa ni "wewe" ya karibu, ya mtoto, ya rafiki, ya mtumishi, na you ilikuwa ni "nyinyi", ambayo mkubwa mmoja pia unamwambia kwa adabu. Kila mtu akataka aambiwe kama mkubwa, you ikasambaa, thou ikafa, ikabaki kanisani, na kwa kuwa ilibaki kanisani tu ikavaa kanzu. Leo kingereza hakina namna ya kutofautisha wewe na nyinyi, kinahangaika na you guys na y'all, na sisi tunaangalia tu.

Wao nao wameshatuazima, safari wanaitumia tangu karne ya 19 wakimaanisha kwenda kuangalia simba, sio kwenda Dodoma kwenye msiba, na ule mchezo wa vibao wa Jenga jina lake ni kiswahili chetu. Sidai chochote. Na sisi tunayo keki, treni, benki, shati, tumeziandika zinavyosikika bila kumuomba mtu ruhusa, na hapo nadhani Caxton angetuonea wivu.

Wiki iliyopita kwenye grupu la wasap la tuliosoma pamoja kuna mtu akatupia salamu, "Kinife upo?" Nikasema leo ndio leo. Nikarekodi sauti ya dakika nne nzima, nikawaeleza Waviking, nikawaeleza Caxton, nikawasomea kabisa kwa matamshi yale ya zamani, knikht, kniif, naame, tiime, nikamalizia kwa kusema jamani ticha ndiye aliyekuwa amechelewa kwenye swali langu, sio mimi. Nikatuma. Tiki mbili. Zikawa bluu, watu kumi na moja wamesikiliza, kimya. Halafu yule yule aliyeanguka kwenye benchi akajibu, naye kwa sauti, "Kinife, hivi umekunywa saa hizi?"

Ilikuwa saa nne asubuhi.